Bima ya gari ya zamani Kenya: maswali ambayo wenye gari huuliza kila mara

Hii ni ya wenye Peugeot 504 ya babu, Beetle, Land Rover Series, Datsun, Escort, Mercedes W123, gari yoyote ile ambayo umeitengeneza kwa pesa yako na jasho la fundi wako na hutaki siku moja uambiwe thamani yake ni laki mbili. Majibu yanaingiliana kwa hivyo hata kama swali lako ni moja tu, pitia na mengine, hasa lile la thamani.

Gari ikifika miaka mingapi ndio inaitwa ya zamani kwa mambo ya bima?

Kwa sheria ya bima ya Kenya hakuna kitu kama hicho. Hakuna kundi la gari za kihistoria, hakuna fomu yake, hakuna bei yake. Kampuni inachoangalia ni mwaka wa kutengenezwa, na nyingi zimeweka kikomo cha umri kwa komprehensivu, yaani bima inayolipa hata gari yako mwenyewe, mara nyingi miaka 12 au 15. Ikipita hapo kompyuta inakuonyesha thadi pati peke yake, ile ya kulinda watu wengine tu. Sasa shida inaanzia hapo, manake 504 ya 1978 iliyopigwa rangi upya, injini imefunguliwa ikafungwa, viti vimeshonwa, inawekwa kapu moja na gari ya 2004 iliyochoka ambayo mwenyewe anangoja tu imfie barabarani. Kazi yako yote kama mwenye gari ni kumfanya mtu wa kampuni aione gari yako mbali na hilo kapu.

Kwani ni lazima? Yangu naitoa mara chache sana kwa mwaka.

Lazima. Sheria ni ile Cap 405, na inasema gari ikitumika barabarani iwe na bima ya kulinda watu wengine, hata kama ni kwenda petroli stesheni na kurudi. Siku hizi cheti ni cha kidijitali na askari anaweza kukiangalia kwa simu akiwa hapo hapo, kwa hivyo ile ya kubandika stika ya zamani kwenye kioo haiendi popote. Na ujue pia kwa sheria hiyo hiyo kampuni inamlipa mtu mmoja aliyeumia hadi Ksh milioni 3, mahakama ikimpa zaidi ya hapo ile tofauti inakugeukia wewe. Gari ya zamani breki zake si za leo, hazina ABS, nyingine hazina hata sevo, kwa hivyo usichukulie hii kama karatasi ya kumridhisha askari tu.

Thadi pati peke yake inatosha?

Kwa kutembea barabarani inatosha. Kwa gari yenyewe haikupi hata senti. Bei yake kwa gari ya binafsi utasikia karibu Ksh 7,500 kwa mwaka ukiondoa tozo, na watu wengi wenye gari za zamani huishia hapo, ama kwa sababu walikataliwa komprehensivu ama waliambiwa na mtu kwamba watakataliwa na hawakuuliza tena.

Kuna ya katikati ambayo maajenti wengi hawaitaji, thadi pati pamoja na moto na wizi. Mimi naona kwa gari ambayo muda mwingi imelala chini ya kava hii ndiyo inastahili kufikiriwa kwanza, manake hatari kubwa ya gari imelala si ajali. Ni moto, nyaya za miaka 45 ambazo fundi watatu tofauti wamezikata na kuziunga na tepu, mipira ya petroli iliyokauka ikapasuka, na karaboreta inayovuja juu ya injini ya moto. Ukiwa na hii ya katikati na umeweka swichi ya kukata betri, umeziba sehemu kubwa ya tundu kwa pesa isiyotisha. Swichi ni bei ndogo kabisa, weka hata kama huna bima.

Kampuni imenikatalia komprehensivu kwa sababu ya umri. Nifanye nini?

Kwanza jua aliyekukatalia ni nani. Mara nyingi ni mtu wa kaunta ama ajenti anayesoma jedwali, hana ruhusa ya kuamua kitu. Anayeamua ni andaraita, mtu wa kampuni anayepima hatari na kukubali ama kukataa bima, na ukienda peke yako hutamfikia, kwa hivyo tafuta broka. Ajenti anauza bidhaa ya kampuni anayoiwakilisha, broka anafanya kazi upande wako na anaweza kupeleka ombi lako kwa kampuni kadhaa.

Mpelekee broka kitu cha kutetea. Picha za mchana zilizo wazi, pande zote nne, injini, ndani, chini ya gari, namba ya chasi. Risiti za spea na za fundi. Barua fupi inaeleza gari inalala wapi, nani anaiendesha, inatembea kilomita ngapi kwa mwaka, na kwamba una gari nyingine ya kila siku. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Na kama hiyo gari ya kila siku na nyumba ziko na bima kwa kampuni ile ile, sema, manake andaraita anaweza kukubali gari moja ya 1972 ili asipoteze mteja mwenye vitu vitatu, lakini gari ya 1972 ikija peke yake kutoka kwa mtu asiyemjua ataiacha.

Thamani ya soko na thamani ya makubaliano, tofauti ni nini hasa?

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Mkataba wa kawaida wa gari unaandika thamani uliyoitaja, na ukailipia premiamu, yaani malipo ya bima. Wengi wanadhani hiyo ndiyo pesa watakayopewa gari ikiisha. Sivyo. Hiyo ni kikomo tu. Siku ya klemu, yaani unapodai malipo, kampuni inalipa thamani ya soko ya siku ile ama ile namba uliyoandika, iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na thamani ya soko anaitafuta asesa, mtu wa kukadiria hasara, kwa njia anayoijua, anaangalia gari kama hiyo inauzwaje, anapunguza kwa umri, basi. Kwa Vitz njia hiyo inafanya kazi vizuri. Kwa gari ambayo hakuna nyingine inayouzwa hapa nchini mwezi huu, atachukua bei ya ile iliyooza Kariobangi na kukupa hiyo.

Thamani ya makubaliano ni kwamba wewe na kampuni mnakubaliana kabla, kwa maandishi ndani ya mkataba, kwamba gari ikipotea kabisa inalipwa kiasi fulani bila mjadala mpya. Marekani na Uingereza kuna kampuni zinazofanya biashara hii pekee, na zinakupa bei nzuri ukikubali kilomita chache kwa mwaka na gereji yenye kufuli. Hapa kwetu utaipata kwa kuomba, kama kifungu cha kuongezwa, na usikubali neno la mdomo. Ajenti akikwambia "usijali boss thamani ni ile tumeandika", mwambie aandike barua pepe inayosema hivyo kutoka kwa kampuni, na uone kama ataiandika. Usome pia kifungu chenyewe manake kuna kinachosema kampuni "itazingatia" ripoti ya valuesheni, yaani ya kukadiria thamani ya gari, na kuzingatia si kulipa.

Mkikubaliana rudieni kila mwaka. Spea zinakuja kwa dola na pauni, shilingi ikishuka gharama ya kuijenga tena inapanda hata kama gari haijatoka gereji.

Valuesheni nifanye wapi na nijitayarishe vipi?

Kampuni kwa kawaida inakupa barua ya kwenda kwa mvaluaji wake, na AA Kenya, chama cha wenye magari, ni mojawapo ya wanaofanya kazi hiyo. Usiende mikono mitupu. Mvaluaji ana gari kadhaa za kuangalia siku hiyo na yako ataipa dakika chache, sasa ukimkabidhi faili yenye risiti, picha za kabla na baada, na bei za gari kama yako zilizouzwa nchi nyingine pamoja na gharama ya kuisafirisha, umemrahisishia. Mkumbushe na jambo ambalo analijua lakini halifikirii, kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo huwezi tu kuagiza nyingine Mombasa mwezi ujao. Uhaba huo ni sehemu ya thamani.

Historia nayo ina bei. Gari za aina fulani zinatafutwa hapa kwa sababu ya Safari Rally, 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, Datsun 240Z ikashinda 1971 na 1973, Beetle ndiyo hutajwa kama mshindi wa ile ya kwanza kabisa ya 1953. Gari yako haikuwa hiyo iliyoshinda, lakini kama una karatasi zinazoonyesha ilikuwa ya nani, iliunganishwa wapi, ina namba zake za kwanza zile zisizo na herufi mwishoni, ziweke kwenye faili.

Nikitaja thamani ya chini premiamu itashuka, si ndio?

Itashuka, na utalia baadaye. Kuna kitu kinaitwa avareji. Tuseme gari ni ya Ksh 2,000,000 na wewe ukaandika 1,000,000. Ikagongwa, kutengeneza ni 400,000. Unadhani uko ndani ya milioni yako, lakini kampuni inasema ulikata bima ya nusu ya gari kwa hivyo inalipa nusu ya hasara, 200,000, halafu inakata ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Si wizi, iko ndani ya mkataba uliosaini.

Naskia mkwaruzo mdogo unaweza kufanya gari iandikwe imekufa. Ni kweli?

Kweli kabisa, na ni jambo la hatari kwa gari zetu. Kampuni nyingi zikiona gharama ya kutengeneza imefika karibu nusu ya thamani zinaifunga kama hasara kamili, zinakulipa na kuchukua gari. Sasa chukua 504 iliyovaluliwa 350,000. Nusu yake ni 175,000. Matatu ikikugonga mbele ukahitaji bonet, grili, taa mbili, fenda moja, radieta na rangi nzuri, hapo umeshapita. Gari ambayo fundi wako angeinyoosha inaondoka kwenye brekdauni kwenda yadi ya salveji, yaani ya mabaki ya gari, na huko itakatwa vipande.

Kwa hivyo kabla ya kusaini omba iandikwe kwamba una haki ya kwanza ya kununua salveji, na kwa bei itakayohesabiwa vipi. Ukingoja hadi ajali itokee utakuwa unashindana na watu wa yadi.

Spea hazipatikani Kenya. Bima italipa za kuagiza?

Soma kifungu cha spea, kipo karibu kila mkataba na karibu hakuna anayekisoma. Kinasema kama spea haipatikani nchini, kampuni inalipa bei iliyokuwa kwenye orodha ya mwisho ya mtengenezaji. Orodha ya mwisho ya fenda ya Peugeot 404 ni ya miaka mingapi iliyopita? Omba kifungu hicho kibadilishwe iwe bei halisi ya kuagiza pamoja na usafiri na ushuru. Hawatakubali wote, lakini wakikataa angalau unajua uongeze thamani wapi.

Kioo cha mbele kina kikomo chake, mara nyingi Ksh 30,000 ama 50,000. Mwenye Land Rover Series asihangaike, kioo chake ni bapa na fundi wa vioo anakukatia. Mwenye kioo cha kupinda, aongeze kikomo, hiyo inalipiwa kidogo tu.

Premiamu inahesabiwaje?

Asilimia ya thamani, halafu tozo juu yake. Kwa mfano tu, gari ya 1,500,000 kwa asilimia 5 ni 75,000. Ongeza tozo ya mafunzo asilimia 0.2, ya mfuko wa fidia ya wateja asilimia 0.25, na stempu Ksh 40. Jumla 75,377.50. Ukiona zaidi ya hapo uliza ni ya nini, inaweza kuwa nyongeza uliyoiomba ama usiyoiomba. Ekses nayo iulize kabla, hasa ya wizi, ambayo kwa gari isiyo na traka inaweza kuwa mara mbili ya ile yenye traka.

Vipi kuhusu maandamano, mafuriko na kutu?

Maandamano yana nyongeza yake, ile wanayoita PVT, ya vurugu za kisiasa na ugaidi, karibu robo ya asilimia ya thamani. Baada ya Juni 2024 sioni kwa nini mtu wa Nairobi aiache. Mafuriko hakikisha yametajwa, masika ya 2024 yalizamisha magari mengi mjini. Kutu hakuna anayelipa popote, na sisi wa Mombasa na Kilindini yetu ya chumvi tujitegemee, gari ioshwe chini na ipigwe grisi. Kuharibika kwa injini kwa uchakavu pia si ya bima.

Nakodisha Mercedes yangu kwa harusi wikendi. Bima ya binafsi inafanya kazi?

Haifanyi. Mara tu ukipokea pesa umeingia kwenye kukodisha, na mkataba wa binafsi unakataza. Na usidhani watajua vipi, picha za bibi harusi na maua kwenye bonet ziko Instagram na namba yako ya simu iko hapo chini. Mwambie broka idadi ya harusi kwa mwaka, wengine wataongeza matumizi hayo kwa malipo ya ziada. Kumbeba mtoto wa dada yako bure ni jambo lingine, hilo halina neno.

Concours na mashindano je?

Kwenda kuonyesha gari Ngong Racecourse kwenye Concours, mashindano ya gari zilizotunzwa vizuri, na kurudi ni matumizi ya kawaida, ingawa ukiipeleka juu ya lori uulize kama inalindwa ikiwa imebebwa. Rali, mbio, kupima kasi, hata zile za kufurahisha marafiki uwanjani, zote zimetolewa. Anayetaka kuingia Safari Classic, rali ya gari za zamani, anahitaji bima tofauti kabisa.

Gari ilikuwa ya marehemu mzee, logbuku bado ina jina lake.

Fuatilia mirathi kwanza, kisha hamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Bima hulipa mtu ambaye ana haki na gari, na ukikata kwa jina la marehemu ama kwa jina lako huku logbuku ikisema kingine, umempa asesa sababu ya kwanza ya kukataa. Familia nyingi zinaiacha hivi hivi miaka kumi kwa sababu ndugu hawajaelewana, pole, lakini hakuna njia ya mkato hapo. Kaeni muandike nani anaichukua.

Na kama mzee alitoa injini ya petroli akaweka dizeli ya Toyota, kama Land Rover nyingi huku kwetu, namba ya injini kwenye logbuku ibadilishwe na kampuni iambiwe. Kuficha jambo kama hilo kunaweza kuua mkataba mzima.

Gari iko gereji imefunguliwa vipande. Nikate bima?

Ndio, na ueleze hivyo hivyo kwamba imefunguliwa. Mkataba wa kawaida unalinda vifaa vikiwa juu ya gari. Injini iliyo kwa fundi wa Industrial Area, milango iliyo kwa mpaka rangi na viti vilivyo kwa mshonaji haviko juu ya gari. Omba moto na wizi zinazotaja vipande na mahali vilipo, piga picha kila kinapotoka, na fundi asaini kwamba amekipokea. Gereji nyingi za jua kali hazina bima yoyote, moto ukitokea hapo hakuna wa kumdai.

Nataka kuendesha hadi Tanga ama Arusha.

Chukua Yellow Card, kadi ya bima ya thadi pati ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kutoka kwa kampuni yako. Tanzania ilitoka COMESA lakini kwenye mpango huu wa kadi imo. Ila kadi hiyo inalinda wengine, haitengenezi gari yako, kwa hilo omba komprehensivu yako iongezwe eneo kabla hujafika Lunga Lunga ama Namanga.

Kampuni inazungusha klemu yangu miezi sasa.

Acha simu, andika. Barua pepe yenye namba ya klemu, tarehe ya ajali, tarehe uliyopeleka kila karatasi, na swali moja, mnangoja nini kutoka kwangu. Wakikupa thamani ya chini, omba ripoti ya asesa na ulinganishe na ile valuesheni waliyoipokea wenyewe mwanzo wa mwaka, halafu lipia asesa wa kujitegemea kama tofauti ni kubwa. Usisaini ile fomu ya kukubali malipo ya mwisho ukiwa bado unabishana, ukisaini imeisha. Wakikaa kimya peleka malalamiko IRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambatanisha hizo barua zote, na gari isihamishwe mahali ilipo mpaka suala la salveji liwe limeandikwa.